Neno "Sawa" Mlimani

Haya ndiyo niliyoyasema Naro Moru, chini ya Mlima Kenya, Kirinyaga yetu, mbele ya waongozaji na wapagazi vijana, kabla msimu wa mwezi wa saba haujachanganya. Wengi mlikuwa juu na wageni, mkaniomba niyaandike. Picha nilizoonyesha ukutani nimeziacha. Maneno nimeyaweka kama yalivyotoka.

Wazee wangu mliotutangulia mlimani, wapishi wetu, ndugu zangu waongozaji, na ninyi vijana mlioketi sakafuni kwa sababu viti vimekwisha: hamjambo? Hamjambo tena?

Asubuhi ya leo Kirinyaga ilikuwa wazi. Mliiona? Kilele cha Batian upande mmoja, mita 5,199. Kilele cha Nelion upande wa pili, mita 5,188. Katikati yao kuna ule ufa unaoitwa Lango la Ukungu, na chini ya lango kuna kipande cha barafu kilichoning'inia kama nguo kwenye kamba. Mwaka 1899 Mackinder, yule Mwingereza aliyefika Batian wa kwanza, na waongozaji wake wawili kutoka Italia, Ollier na Brocherel, walikata ngazi kwa shoka muda wa saa tatu ili kuvuka kile kipande tu. Barafu yake ilikuwa ngumu kiasi hicho, wakaiita Almasi. Kutoka kwenye Almasi unashuka mfereji mwembamba, mweupe, karibu wima. Ndio huo ramani zinauita Diamond Couloir.

Nyote mmeuona. Mmeuona mkichota maji Bonde la Teleki, mkiosha masufuria kambi ya Mackinder, mkisubiri wageni waamke. Sasa nawauliza: ni wangapi humu mmeugusa?

Naona mikono mitatu. Asanteni. Mikono mitatu, na humu ndani tuko zaidi ya themanini.

Nataka niwasimulie siku moja tulipougusa, mimi na mwenzangu. Yupo humu, amekaa nyuma karibu na mlango, na ameniomba nisimtaje jina. Nitamheshimu. Ila jueni kwamba kila ninalosema leo analisikia, na nikikosea anaweza kusimama anikosoe.

Kwanza niondoe jambo moja. Mjomba wangu wa Mombasa aliniuliza: "Kupanda barafu majira ya baridi? Kenya ina majira ya baridi gani?" Ndugu zangu, inayo. Mlima wetu uko chini ya kilomita 20 kusini mwa Ikweta. Jua likihamia kaskazini, kuanzia Juni hadi Septemba, uso wa kaskazini unakauka na mwamba wake unapandika kwa mikono mitupu. Wakati huohuo uso wa kusini unabaki kivulini mchana kutwa. Maji yanayochuruzika yanaganda papo hapo, theluji ya jioni haiyeyuki, mwamba unavaa barafu. Desemba jua linarudi kusini, na mambo yanageuka. Mlima mmoja, majira mawili kwa wakati mmoja! Sijui mlima mwingine ninaoupenda kwa sababu kama hiyo.

Ilikuwa mwezi wa nane, miaka michache iliyopita. Kundi letu la wageni lilikuwa limeshuka na wenzetu, na kundi lililofuata lilikuwa lije baada ya siku mbili. Siku mbili. Wengine wangelala, na walistahili kulala. Sisi tulitoka kambini saa nane usiku. Lobelia zilikuwa zimefunga majani, pimbi walikuwa wanapiga kelele kwenye mawe, na kokoto ambazo mchana huteleza chini ya buti zilikuwa zimeshikana kama saruji. Tulitembea bila kuongea. Kulipopambazuka tulikuwa tumesimama chini ya ukuta, tukiangalia juu.

Wazee hapa watawaambia kwamba zamani mwanzo wa mfereji ule ulikuwa nguzo ya barafu, nene, ya buluu, unapiga shoka linakamata. Nguzo ile haipo. Tuliyoikuta ni mwamba uliobinuka kidogo kuelekea kwetu, na juu yake ngozi ya barafu nyembamba kama chapati. Huwezi kuupanda kama mwamba, maana mikono itaganda na buti zitateleza. Huwezi kuupanda kama barafu, maana barafu yenyewe haitoshi. Unapanda mchanganyiko. Ncha ya shoka unaiingiza kwenye ufa wa jiwe, unaipindua mpaka ijibane, unaning'inia juu yake. Meno ya mbele ya kramponi, vile vyuma vya kufunga chini ya buti, unayaweka kwenye mkunjo wa mwamba usiozidi upana wa sarafu ya shilingi kumi. Halafu unatulia. Ukitikisa kisigino, umeanguka.

Mwenzangu ndiye aliyeanza. Alifunga fundo, nikalikagua. Nikafunga langu, akalikagua. Akaniambia maneno mawili: "Nishike vizuri."

Vijana, nisikilizeni hapa. Mnadhani kushika kamba ni kusimama tu? Kamba ile moja, yaani kipande cha kupanda kutoka kituo hadi kituo, mita kama 30, ilimchukua saa moja na nusu. Katika mita kumi na tano za mwanzo alipata sehemu tatu tu za kuweka kabari, kile chuma cha kubana kwenye ufa ili kishike kamba ukianguka. Nilikuwa nasikia chuma kikisugua jiwe, sauti ile inayoingia kwenye meno. Nilikuwa nasikia pumzi yake. Mimi niko chini, sisogei, na baridi inapanda kutoka kwenye nyayo, inafika magotini, inafika kiunoni. Mkono wa kushoto niliweza kuuficha kwapani kidogo. Mkono wa kulia, ule unaokaza kamba, sikuweza. Ulikuwa unaniambia: niachie dakika moja tu, nipate joto. Dakika moja tu, nani ataona?

Hakuna ambaye angeona. Ukungu ulikuwa umeshaanza kucheza, na yeye alikuwa amegeukia jiwe. Lakini uhai wake wote ulikuwa ndani ya mkono ule. Sikuuachia.

Zamu yangu ya kupanda ilipofika, sikuwa na vidole. Nilipanda nikiyaona mashoka mikononi bila kuyahisi. Nilipomfikia, damu ikaanza kurudi. Mliopitia mnajua. Ni kama mtu anakung'oa kucha zote kwa pamoja. Nililia. Niliweka paji la uso kwenye mwamba nikalia kwa sauti, na mwenzangu akaishika mikono yangu, akaiingiza ndani ya koti lake, akangoja. Hakusema "pole, jikaze". Alingoja tu.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya nikubali kusimama hapa leo.

Kazi yetu imetufundisha neno moja kuliko yote. Neno gani? Semeni. Ndiyo: "sawa". Mgeni anauliza, uko sawa? Sawa. Mzigo una kilo ngapi? Sawa tu. Umekula? Sawa. Kichwa kinakuuma? Hapana, niko sawa, tuendelee pole pole. Tunalisema kwa sababu mgeni amelipa, amesafiri mbali, anaogopa, na hofu yake inatosha. Mgeni akikuona unaogopa, amekwisha. Kwa hiyo mwongozaji anabeba hofu yake na ya mgeni, zote mbili, na ya kwake anaifungia chini kabisa ya begi. Siwalaumu. Nimefanya hivyo zaidi ya miaka ishirini, na nitafanya tena wiki ijayo.

Lakini neno hilo ukilizoea, unakwenda nalo mahali ambapo halifai. Unakwenda nalo kwenye kamba na mwenzako.

Kamba ya pili nilitangulia mimi. Pale mfereji wenyewe unaanza, na barafu ikawa barafu. Nikafurahi. Nilipiga shoka, likakamata. Nilifungia skrubu, ule msumari wa kuzungusha ndani ya barafu ili ushike kamba, ikaingia. Nikapanda mita kumi, kumi na tano, nikasikia shoka limebadilisha sauti. Mnajua debe tupu linavyolia ukiligonga? Ndivyo barafu ilivyolia. Nyuma yake kulikuwa na nafasi, na ndani ya nafasi ile nilisikia maji yakitembea. Skrubu iliyofuata ikaingia sentimita chache, ikagonga jiwe, ikagoma.

Mwenzangu akaita kutoka chini: "Vipi huko?"

Nikajibu nini?

"Sawa!"

Mmenisikia? Niko juu ya ganda tupu, skrubu imegoma, maji yanapita nyuma ya barafu niliyoning'inia, nami namwambia mtu aliyeshika uhai wangu kwamba mambo ni sawa. Kwa nini? Kwa sababu Almasi ilikuwa inaonekana. Ukungu ulifunguka kidogo nikaiona pale juu, kamba mbili, labda tatu. Niliitaka. Nilikuwa nimeiangalia tangu nikiwa mpagazi wa miaka kumi na tisa. Nikaitaka zaidi ya ukweli.

Kama saa nne asubuhi wingu likafunga kabisa. Theluji laini ikaanza kumwagika kwenye mfereji kama unga kutoka kwenye kinu. Halafu likaja jiwe. Jiwe hulioni, unalisikia: linapiga mluzi. Siku hizi yanaanguka zaidi, na sababu si fumbo. Barafu ndiyo iliyokuwa gundi ya mawe yale. Gundi ikiyeyuka, jiwe linaachia. Lile lilinipita kushoto, nikalisikia likigonga mahali chini yangu, nikapiga kelele: "Uko salama?"

Naye akajibu nini?

"Sawa!"

Nikapanda mpaka nikapata mahali pa kusimama, nikafunga nanga ya kushikilia kamba, nikamwita. Alipanda taratibu mno. Niliona kamba inakuja kidogo kidogo, inasimama, inakuja tena. Nilidhani amechoka. Alipofika nilimwona anatumia shoka moja tu. Lile lingine lilikuwa linaning'inia kwenye kifundo cha mkono wa kushoto, na mkono wenyewe ulikuwa umelala ubavuni.

Tukatazamana. Sijui tulitazamana muda gani. Kisha akasema: "Nimepigwa begani. Mkono haupandi."

Nami nikasema: "Barafu hii ni tupu. Nimeijua tangu chini."

Hebu fikirini. Watu wawili wanaopendana, wamefungwa kamba moja, na kila mmoja amemdanganya mwenzake kwa neno moja lile lile, na kila mmoja amedanganya kwa upendo. Yeye hakutaka kunikatisha. Mimi sikutaka kumtia hofu. Kama angeniambia pale pale alipopigwa, ningemshusha kutoka pale alipo, mita chache. Kama ningemwambia mimi skrubu ilipogoma, asingekuwa pale jiwe lilipopita. Kwa hiyo bega lile nalihesabu langu. Yeye anakataa, tumebishana mara nyingi, lakini nalihesabu langu.

Tulishuka. Sitawachosha na kila hatua. Ila kwa vijana wanaotaka kujua: pale barafu ilipokuwa nzima nilitoboa mashimo mawili yanayokutana ndani, nikapitisha kamba nyembamba, nikaifunga, tukaning'inia humo. Ni salama barafu ikiwa nzuri, na ni kitu cha kujifunza ukiwa chini, siyo ukiwa pale. Kamba ya mwisho tulishukia kabari mbili tulizoziacha mle kwenye ufa. Zipo mpaka leo kama hakuna aliyezichukua.

Na njia nzima ya kushuka tulikuwa tunaongea. Naona baridi. Mkono unawaka. Naogopa fundo hili, liangalie tena. Nimeliangalia, ni zuri. Kizunguzungu kidogo. Ngoja, kaa, kunywa. Hatukuwahi kuongea hivyo kwa miaka yote tuliyofanya kazi pamoja. Nasema kweli: sehemu ile ya siku, tukiwa tumeshindwa, theluji inatumwagikia, ndiyo iliyokuwa kupanda mlima. Ya asubuhi ilikuwa nguvu tu.

Mwenzangu alikaa wiki tatu bila kubeba mzigo, katikati ya msimu. Mnajua wiki tatu za mwezi wa nane ni pesa ngapi kwa mtu mwenye watoto shuleni. Tuligawana nilichopata. Nayasema haya kwa ruhusa yake, ili mjue kwamba "sawa" moja ina bei.

Sasa mtaniuliza: mbona unatuambia tupande, kama ndivyo ilivyokwenda?

Nitawajibu kwa watu wawili wawili.

Septemba 1970, Waaustria wawili, Gert Judmaier na Oswald Oelz, madaktari vijana, walikuwa karibu na kilele cha Batian. Jiwe likaachia, Judmaier akaanguka, mguu ukavunjika vibaya, mfupa nje. Oelz ndiye aliyeishika kamba. Kisha akashuka kutafuta msaada. Na baada ya kuupata, alipanda tena. Fikirini hilo: umeshafika chini, uko hai, na unarudi juu. Judmaier alikaa pale juu kiasi cha wiki nzima. Wapandaji wa Kenya walimhangaikia, wengine wakaja kutoka Austria, na rubani wa helikopta, Jim Hastings, alikufa katika juhudi zile. Judmaier alishushwa hai. Mgeni wako, hata awe mwema vipi, hawezi kukurudia kwenye ukuta ule. Hajui njia. Anayeweza kukurudia ni mtu mwenye kamba kama yako na ujuzi kama wako. Je, unaye? Ukivunjika mguu kesho juu ya Nelion, ni nani humu atakayekuja? Mtaje kimoyomoyo. Kama huna wa kumtaja, ndiyo sababu nawaambia mpande.

Wawili wa pili. Ni wangapi humu mmesikia jina la Thumbi Mathenge?

Mikono saba. Wote ni wazee.

Vijana, liandikeni. Thumbi Mathenge. Oktoba 1973, yeye na Phil Snyder, aliyekuwa mkuu wa hifadhi, ndio watu wa kwanza kuupanda mfereji ule mpaka juu. Wa kwanza duniani! Miaka miwili baadaye akaja Yvon Chouinard na Michael Covington kutoka Marekani, wakapanda ukuta wa juu moja kwa moja, na njia ikajulikana kila mahali. Lakini kabla yao, njia ile ya barafu iliyosifiwa kuliko zote Afrika iliguswa na mikono ya Mathenge. Hakupanda kubeba begi la Snyder. Alikuwa ncha ya pili ya kamba. Kamba ina ncha mbili, na ncha zote mbili hufika juu siku moja.

Mackinder alikuja na msafara ambao ndani yake walikuwamo Waswahili 66 na Wakikuyu 96. Watu wote hao walibeba, wakafika mahali, wakaambiwa ngojeni hapa. Hesabu yetu imekaa hapo muda mrefu: ngojeni hapa. Mathenge aliivuka mwaka 1973, na nikiangalia mikono mitatu iliyoinuka hapo mwanzo, moyo unaniuma. Unaniuma kweli. Maana si nguvu mnayokosa. Mnabeba kilo ishirini mpaka Kibanda cha Waaustria, kile cha kulala wapandaji, mita karibu 4,800, mkiwa mnaimba. Si ujuzi wa mlima, mnaujua gizani. Mnachokosa ni siku moja ya kufungwa kamba na mtu mliye sawa naye, mkiwa hamumhudumii yeyote.

Na muda hautungoji. Barafu ya Lewis, ile barafu kubwa ya mlima wetu tuliyokuwa tunafundishia wageni kutembea na kramponi, ilipoteza takriban asilimia 90 ya ujazo wake kati ya 1934 na 2010. Barafu ya Gregory imekwisha, imebaki jina kwenye ramani. Mfereji ule mwaka huu unaweza kuganda, mwaka ujao ukawa jiwe na maji. Mtoto wangu wa mwisho ana miaka tisa. Sina hakika kama atawahi kusikia shoka likikamata kwenye mlima wa kwao. Nikifikiria hilo usiku, silali.

Kwa hiyo sikuja hapa kuwaambia mwende Diamond Couloir. Msiende! Hamko tayari, na siku nyingi mfereji wenyewe hauko tayari. Nimekuja na kitu kidogo. Mwezi wa nane kutakuwa na siku mbili katikati ya makundi. Karibu na Kibanda cha Waaustria kuna miamba midogo inayoganda usiku, urefu wa nyumba ya ghorofa mbili. Kamba inafungwa juu, ukianguka unaning'inia tu. Mwenzangu, yule wa karibu na mlango, atakuwapo. Bega limepona. Nami nitakuwapo.

Na mashoka na kramponi ni rahisi kujifunza. Nitakachowadai ni kingine. Mwenzio akikuuliza uko vipi, hutaruhusiwa kujibu "sawa". Utasema mkono wa kulia hauhisi. Utasema skrubu ya mwisho siiamini. Utasema naogopa, nipe dakika. Nitakaa chini pale nikiwasikiliza, na nikisikia "sawa", nawashusha wote wawili mnaanza upya.

Siku ile tulifika kambini giza limeingia. Mafundo yetu yalikuwa yameganda kama mawe. Vidole vyangu havikuweza kulifungua langu, na yeye alikuwa na mkono mmoja. Basi akaegemea jiwe, nikapiga magoti mbele yake nikalipumulia fundo lake, nikaliuma kwa meno mpaka likalegea. Kisha akalishika langu kwa mkono wake mmoja, nikavuta mimi upande wa pili, likafunguka.

Kamba yenyewe ndiyo hii hapa mezani. Kuna nyingine pembeni yake, hanesi nne, yaani mikanda ya kiunoni ya kufungia kamba, na jozi mbili za mashoka. Sitaki orodha ya majina ya mtu mmoja mmoja. Nataka mje wawili wawili, kila mmoja na yule anayeweza kumwambia anaogopa. Haya, simameni. Nani anakuja na nani?